TAHADHARI: Yule dada wa "krimu ya mitishamba" anatuuzia steroidi

Jamani, naandika hapa kwa sababu kule kwenye kundi lake alinitoa mara tu nilipouliza swali, na wengi wenu bado mko humo. Ni yule dada wa makopo meupe yasiyo na lebo. Mnaomjua mmeshamjua. Kopo lake limepimwa maabara na ndani yake kuna klobetasoli, steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) iliyo katika kundi la zile kali kuliko zote za kupaka kwenye ngozi. Hakuna jani wala mzizi unaotoa klobetasoli. Hiyo ni dawa ya kiwandani, na mtu aliichanganya humo kwa makusudi, kisha akaapa mbele yetu kwamba ni majani matupu.

Nina hasira hadi mikono inatetemeka. Na aibu ninayo, maana picha za uso wangu ndizo alizozitumia kuwavutia wengine.

Nataka mwelewe alivyonipata. Nina pumu ya ngozi, na inaniwasha kupita kiasi. Nilimwambia nimeshapaka kila kitu na nimechoka kuahidiwa. Hakubishana nami. Alisema, "Usiniamini mimi, iamini ngozi yako." Akanitumia kijikopo cha kujaribia. Akaniagiza nichukue tone dogo, nipake upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko, nikate kipande cha nailoni cha mraba, nifunike hapo, nibandike kingo zote nne kwa plasta na nilale nacho. Asubuhi nimpigie kwa video nikiwa dirishani, penye mwanga.

Nikafanya hivyo hivyo. Nilipobandua, nailoni ilikuwa na jasho kwa ndani, na pale chini palikuwa na mraba uliopauka, pembe zake zimenyooka kabisa, huku ngozi iliyouzunguka ikiwa na wekundu wake uleule. Na muwasho pale haukuwepo! Nilipitisha ukucha taratibu kutoka nje ya mraba kuingia ndani: nje nawashwa, ndani kimya. Nikarudia, jibu likawa lilelile. Yeye kwenye simu anatabasamu. "Umeona? Hapo damu chafu imeondoka. Sasa subiri uso." Nilimlipa kabla hatujakata simu.

Niambieni nani asingeamini. Hakunionyesha picha za watu nisiowajua, alinionyesha mkono wangu mwenyewe.

Nilipokuja kumsimulia daktari wa ngozi habari ya ule mraba, aliacha kuandika akaniangalia. Akaniambia hicho ndicho kipimo chenyewe cha steroidi. Mwaka 1962 watafiti wawili, McKenzie na Stoughton, walieleza namna ya kuzilinganisha: unaipaka dawa kwenye mkono, unafunika, kisha baada ya saa kadhaa unatazama ngozi imepauka kiasi gani. Inapauka kwa sababu mishipa midogo ya damu imesinyaa. Hakuna damu chafu iliyoondoka popote. Kadiri panavyopauka zaidi ndivyo dawa ilivyo kali. Na nailoni kazi yake ni kuizidisha dawa kupenya. Yaani ule ushahidi aliouweka mkononi mwangu ndio ushahidi dhidi yake. Mtu anayekwambia ufunike kwa nailoni anajua kabisa kilichomo ndani ya kopo, msije mkaniambia naye alidanganywa na wauzaji wa jumla.

Daktari alinieleza inavyofanya kazi, na ndipo hasira ilipozidi. Mwili wenyewe hutengeneza homoni ya jamii hii, kotisoli, kwenye tezi zilizo juu ya figo. Steroidi ya kupaka hupita njia hiyohiyo. Kwa kuwa inayeyuka kwenye mafuta, huingia ndani ya seli bila kubisha hodi, hushikana na kipokezi kilichomo humo, kisha vyote viwili huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni fulani na kuzima nyingine. Zinazozimwa ni pamoja na zile zinazoleta uvimbe na muwasho, ndiyo maana unaona nafuu ya haraka namna ile. Lakini haiishii hapo. Seli za tabaka la juu zinapunguza kugawanyika. Seli za chini zinazotengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, nazo zinapunguza kazi. Ngozi inakonda, mishipa inaanza kuonekana, na michirizi ikishatokea haifutiki. Seli za rangi nazo zinapunguza rangi, na huo ndio "mng'ao" tuliokuwa tunampigia makofi kule kwenye kundi.

Halafu uso! Vipimo vilivyotolewa mwaka 1967 vilionyesha kwamba paji la uso hupitisha haidrokotisoni, steroidi nyingine, takriban mara 6 ya upande wa ndani wa mkono, na kwenye taya takriban mara 13. Na haidrokotisoni ni ya upole. Klobetasoli haitakiwi usoni kabisa, na hata kwingine maelekezo yake ni isizidi wiki 2 mfululizo wala gramu 50 kwa wiki. Mimi yule dada aliniambia nipake uso mzima asubuhi na jioni "mpaka ngozi izaliwe upya". Nikipumzika kidogo uso unawaka moto, vipele vinajaa kuzunguka mdomo. Nikimweleza, anajibu kwa sauti ya upole, "Sumu inatoka hiyo, mpendwa, ongeza."

Hayo yangu ningeyameza. Lakini dada yangu alimuuliza kuhusu mtoto, kichanga, mwenye vipele vya nepi. Akamwambia apake, kisha amvalishe nepi ikaze vizuri. Nepi hapo ni nailoni ileile! Mtoto ana eneo kubwa la ngozi kulinganisha na uzito wake, dawa inaingia kwenye damu, na tezi zake zinaweza kupunguza kutengeneza kotisoli yake. Aliyesema hivyo anastahili kupelekwa mahakamani, afungwe, na makopo yake yateketezwe mbele ya watu. Simwombei huruma yoyote.

Dalili, kwa ufupi: kopo halina orodha ya vilivyomo. Muwasho uliokutesa miaka unakwisha kwa siku chache. Ukiacha unarudi kwa kishindo. Muuzaji anakukataza kumwonyesha daktari. Fangasi ukiipaka inatulia kwa juu huku inasambaa.

Msije mkakimbia dawa mlizoandikiwa na daktari, hizo ni habari nyingine. Steroidi hutibu ngozi tangu 1952, ikiwa na kipimo na mtu wa kuifuatilia.

Mliopaka kwa muda mrefu au mwili mzima, msiache ghafla kivyenu, nendeni hospitali kwanza, hasa kama mnahisi uchovu, kizunguzungu au kichefuchefu. Na kopo msilitupe hata kama limebaki tupu. Lifungeni kwenye mfuko pamoja na jumbe zake mlizohifadhi, mlipeleke kwa mamlaka ya dawa. La kwangu limeshafika.