Kozi ya Kiingereza ya jioni Buzuruga: siku mbili nzima tulisoma "welcome" tu

Nimemaliza juzi ile kozi ya wiki sita ya watu wa mahoteli na magesti, ipo Buzuruga hapa Mwanza, ghorofani, na wengi mnaofanya kazi mapokezi mmeniuliza kama inafaa, sasa naandika mara moja wote msome. Mimi nipo mapokezi kwenye gesti Kirumba mwaka wa tatu huu, wageni wetu wengi ni watu wa samaki wanaokuja soko la samaki la Mwaloni, alafu wapo wazungu wanaolala usiku mmoja tu kesho yake wanaelekea Serengeti kupitia geti la Ndabaka.

Siku ya kwanza nilitaka kudai hela yangu. Nimelipa elfu hamsini, mwalimu anaandika ubaoni neno moja, "welcome", anasema wanangu hili tutakaa nalo leo na kesho. Nikawaza moyoni, neno ambalo lipo hadi kwenye zulia la kufutia miguu kweli?

Kumbe nilikuwa nalikosea kila siku ya Mungu. Mgeni akishuka kwenye teksi mimi namkimbilia "You are welcome!" kwa moyo wote, na yeye anabaki ananiangalia tu. Mwalimu akatueleza, hiyo masikioni mwao ni jibu la asante, sasa mtu hajakushukuru kitu unamjibu nini? Mlangoni mwambie "Welcome", inatosha, au "Welcome to Mwanza", na ni "to", usiweke "in". Miaka mitatu hakuna aliyewahi kunisahihisha, hiyo iliniuma kwa kweli.

Alafu akatuonyesha kosa linapotoka, na hapa ndipo nilipompenda huyu mama. Karibu yetu inabeba mizigo mingi sana. Mtu kapiga hodi, karibu. Unakula ugali na sato wako mtu akatokea, karibu. Mteja kapita mbele ya meza yako ya nyanya, karibu. Kasema asante, karibu. Kiingereza hicho kimoja wanakigawa: wa hodi unamwambia "Come in", wa chakula "Join us", wa dukani "Can I help you?", wa asante ndo anapata "You're welcome" yake. Tulifanya hilo zoezi kwa kusimama wawili wawili, mmoja mgeni mmoja mwenyeji, mpaka likatoka bila kufikiri, mimi nilipangwa na kaka mmoja wa boda anayebeba abiria wa uwanja wa ndege na alishika haraka kuliko mimi.

Siku ya pili ikawa kitenzi chenyewe, yani kukaribisha. Unaenda moja kwa moja kwa mtu, "I welcomed the guests", hakuna "to" hapo katikati. Na sisi kwa sababu tunasema "nakukaribisha" tunaleta "I am welcoming you", wao wanasema "I welcome you", fupi. Lililonigusa zaidi ni hii d ya mwisho. Gesti kwetu kulikuwa na kibao "Children are welcomed", nimekipita miaka yote hiyo. Kumbe ukitaka kusema watoto wanaruhusiwa na tunawafurahia ni "Children are welcome", bila d, maana hapo unaeleza hali yao. D unaiweka kama kuna mtu kweli alifanya kazi ya kukupokea, mfano wake ulikuwa "We were welcomed with drums at Bujora", pale makumbusho ya Wasukuma Kisesa. Kesho yake nilimwomba bosi kibao kipakwe upya na kimepakwa, na kaunta nimeweka karatasi "We welcome your comments", maana kumbe hata maoni yanakaribishwa kwa neno hilohilo.

Akagusia na "outstay your welcome", mgeni aliyekaa mpaka mwenyeji kachoka, darasa zima tukajibu kwa pamoja mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Hilo sitalisahau. Na kwenye meseji muandike "You're welcome", siyo "Your welcome", na l ya "welcome" ni moja tu.

Mapungufu yapo. Chumba kina joto na feni ni moja, tulikuwa kama thelathini. Karatasi za mazoezi unatoa kopi kwa hela yako, hilo wangelisema mapema. Kusikiliza wazungu wenyewe wakiongea hatukufanya hata siku moja, na mimi shida yangu kubwa ndo hiyo, Mjerumani akiongea Kiingereza namwelewa ila Muingereza ananipita. Wiki mbili za mwisho, za kujaza fomu na kupokea simu, zilienda mbiombio.

Hata hivyo kwa elfu hamsini ningelipa tena. Darasa linaanza saa 12 jioni, ukitoka kazini usisubiri daladala ijae, wahi viti vya mbele, huko nyuma kelele za stendi zinameza sauti ya mwalimu.