Mtambo wa bayogesi niliojengewa Veyula: tanki safi, jiko walinipiga

Wafugaji wenzangu mnaniuliza sana kama bayogesi (gesi ya kupikia ya mavi ya ng'ombe) inalipa huku Dodoma, ngoja nimwage yote hapa.

Nna ng'ombe wawili wa maziwa, chotara, hawatoki bandani, kwa hiyo mavi yote yanabaki kwenye sakafu. Mwaka jana nikaita mafundi wakanijengea mtambo wa mita za ujazo 6, ule wa kuba unaofukiwa chini, aina ya CAMARTEC, kile kituo cha serikali cha teknolojia za vijijini kilichopo Arusha. Ujenzi siwalaumu hata kidogo. Plasta ya ndani walipiga na kurudia wakasugua mpaka inang'aa, maana ikipasuka gesi inaishia kwenye udongo, na mpaka leo sijaona ufa.

Kasheshe ni jiko. Tumejaza mavi, mengine nikaomba kwa majirani, tukasubiri wiki tatu, siku ya kuwasha fundi anafungua koki inatoka shwaa, harufu ya yai viza, kibiriti hakishiki. Hapo alikuwa sahihi, gesi ya mwanzo haiwaki, unaiachia itoke. Siku nne mbele ikawaka ila moto kama wa kibatari, mama watoto anasonga ugali wa uwele mpaka mkono unauma na bado mbichi. Napiga simu naambiwa "mzee vumilia, itaongezeka yenyewe". Wapi! Kumbe walinipa jiko la gesi ya mtungi, katundu kake kama ka sindano na gesi hii haina presha ile. Fundi mwingine wa Kizota akalitanua tundu, siku hiyo hiyo moto wa bluu ukajaa chini ya sufuria. Miezi miwili nimekula ugali mbichi kisa tundu!

Pia hawakuniambia kuwa moto ukianza kurukaruka ni maji yamejikusanya kwenye bomba, unafungua koki ya chini yanamwagika, basi.

Sasa maji ndo penyewe. Kila siku ndoo mbili za mavi na ndoo mbili za maji, unakoroga na kutoa mchanga (wa huku ukiuachia unatuama tanki linajaa), maji peke yake lita 40 hizo, hesabu mwenyewe mwezi wa kumi wakati unanunua maji kwa dumu. Mimi nimechimba kashimo pembeni ya banda nakinga mkojo wa ng'ombe, unaokoa maji mengi tu. Maji ya sabuni usithubutu, yanaua vijidudu vinavyotengeneza gesi.

Napata kama masaa matatu ya moto kwa siku, chai, mboga na ugali vinaiva, maharage bado napeleka kwenye mkaa. Gunia lililokuwa linaisha mwezi sasa linaenda mitatu. Na lile tope linalotoka upande wa pili namwaga kwenye majani ya tembo, halinuki na nzi hawana habari nalo.

Ujenzi nawapa 9 kwa 10, jiko na maelekezo 3. Wewe ukijengewa, kabla hujatoa hela ya mwisho mwambie fundi asonge ugali mbele yako.