CD ya X Japan niliyouziwa inaruka, muuzaji ananiambia "wimbo ndio ulivyo"

Naandika nikiwa bado na hasira na sitaki kusubiri zipoe.

Juzijuzi niliagiza Art of Life ya X Japan, bendi ya roki ya Japani, kwa wakala mmoja hapa Dar anayeleta vitu vilivyotumika kutoka Japani. Jina silitaji, mwenyewe anajijua. Mzigo ulikuja kwa wakati, umefungwa kwa nailoni ya mapovu tabaka mbili. Kasha halina ufa. Hata ule mkanda wa karatasi ambao Wajapani huuvisha ubavuni mwa kasha ulikuwepo, haujachanika popote. Ningeandika siku ileile, kabla sijaiweka kwenye redio, ningempa nyota tano bila kufikiri mara mbili. Leo nampa moja, na hiyo ni ya kufungasha.

Shida iko dakika ya 17.

Anayeujua wimbo huu ameshaelewa ninapolia. Art of Life ni wimbo mmoja tu, dakika 29, na CD nzima haina kingine. Gitaa zinakimbia, ngoma zinakimbia zaidi, Okestra ya Royal Philharmonic imetanda nyuma, Toshi, mwimbaji wao, anaimba kwa Kiingereza maneno aliyoyaandika Yoshiki, mpiga ngoma na piano wao, halafu katikati wote wananyamaza. Inabaki piano. Karibu dakika 9 za piano! Kuna kipande kifupi cha sauti kinachorudiwa, kinarudiwa tena, kama mtu anayejisemesha chumbani ili asilie. Kisha juu yake inakuja piano nyingine inayogonga ovyo, inapotoka, inabomoa kila kitu, na ile ya kwanza haiachi, inaendelea na lake hadi mwisho.

CD yangu haifiki kwenye kubomoa. Namba kwenye kioo cha redio zinasoma 17:42, panalia "tik", zinarudi 17:40. 17:41, 17:42, tik. Niliitoa, nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, nikairudisha, hali ileile. Nikaiinamisha chini ya taa nikauona mkwaruzo mwembamba kama unywele, umelala kwa kufuata mzunguko. Mkwaruzo unaokatiza kutoka katikati kwenda ukingoni redio nyingi huuvumilia. Huu unaofuata mzunguko ndio muuaji. Na tangazo liliandikwa "hali nzuri kabisa".

Sikumtukana. Nilimrekodia video ya kioo, namba zinaonekana zinarudi nyuma, nikamwandikia kwa heshima kwamba naona kuna kasoro, tusaidiane. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, tena anacheka: "Dada, huo wimbo ndio ulivyo. Jamaa anagonga piano hovyo, hata mtandaoni uko hivyohivyo. Hizo ni kelele za wanaume wanaojipodoa, wewe ulitegemea taarabu?"

Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi kuliko inavyostahili. Mimi ndiye wa kuambiwa wimbo ndio ulivyo?

Mjomba wangu alikuwa na Toyota Mark II, imeshuka bandarini na redio ya Kijapani isiyovuka 90 FM. Stesheni nyingi za hapa tulikuwa hatuzipati, na mjomba hakuwa na haraka ya kwenda kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani kufungiwa kile kidude cha kuongeza masafa. Ndani ya redio mwenye gari wa Japani alikuwa amesahau CD. Ilikuwa hii. Ukibonyeza kwenda wimbo wa pili, hakuna wimbo wa pili. Basi kila asubuhi, Mbagala hadi mjini, foleni ya Barabara ya Kilwa, mimi na sare yangu ya shule na mjomba na Yoshiki. Kwenye matuta CD ilikuwa inaruka, kwa hiyo piano ikianza mjomba alikuwa anautoa mguu kwenye mafuta, gari linatambaa, daladala zinatupigia honi nyuma, yeye hajali. "Mwache amalize," alikuwa anasema. Gari lilipouzwa, CD ikaondoka nalo. Sasa mjomba amestaafu, yuko Tanga, na hii niliyoagiza ilikuwa yake. Sikuagiza pambo la kuweka kabatini.

Halafu hilo la "wanaojipodoa". Ndiyo, walijipodoa. Walisimamisha nywele juu kama miiba, wakavaa ngozi na lesi, mpiga gitaa wao, hide, akapaka nywele rangi ya waridi, na wengi husema hata jina visual kei, yaani muziki wa kutazamwa, chimbuko lake ni maneno ya mshtuko wa macho yaliyochapwa kwenye jalada la albamu yao ya 1989, Blue Blood. Lakini chini ya poda kulikuwa na watu wanaofanya kazi. Yoshiki na Toshi ni marafiki wa tangu chekechea huko Tateyama, mkoa wa Chiba. Yoshiki alifiwa na baba yake akiwa na miaka 10, kwa kifo ambacho mtoto hapaswi kukijua. Bendi waliianzisha 1982 wakiwa bado wanafunzi. Mwaka 1986 Yoshiki akafungua lebo yake mwenyewe, Extasy Records, na albamu yao ya kwanza, ya 1988, ilitokea humo. Luna Sea, bendi nyingine ya Japani, nao albamu yao ya kwanza ilitolewa na lebo hiyohiyo, na miaka mingi baadaye Sugizo wa Luna Sea akaja kushika gitaa kwenye X Japan. Yoshiki amepasuliwa shingo 2009, akapasuliwa tena 2017, kwa kupiga ngoma kwa kasi ile na kichwa kinarushwa huku na huku. Hizo ndizo kelele?

Hide alipofariki Mei 1998, ana miaka 33, watu kama 50,000 walikwenda kumuaga pale hekalu la Tsukiji Hongan-ji, Tokyo. Watu hawalii kwa wingi huo kwa sababu ya poda.

Na kwa kuwa nimeshaanza, acha niseme na la bendi yenyewe, maana nao wamenichosha. Toshi aliondoka 1997, wakaagana kwenye uwanja wa Tokyo Dome usiku wa tarehe 31 Desemba mwaka huohuo, nikasema sawa, kuagana kupo. Walirudiana 2007, Machi 2008 wakapiga Tokyo Dome siku tatu, nami nilipokuja kuziona video zake nililia. Wakafika Madison Square Garden, New York, 2014. Wembley, London, ilikuwa iwe 2016, Pata, mpiga gitaa wao, akaugua, ikasogezwa hadi Machi 2017, na hilo nalo sina lawama, ugonjwa haupigi hodi. Ila albamu? Ya mwisho ya studio ni Dahlia, 1996! Tangu warudiane tunaambiwa inakuja. Taiji, mpiga besi wao wa zamani, amekufa 2011, alikuwa ameshatoka lakini ni wao. Heath, aliyeshika besi baada yake, amekufa Oktoba 2023 kwa saratani. Yoshiki anarekebisha, anafuta, anarekodi upya, na watu wake wanaisha. Nampenda mtu huyu kuliko msanii yeyote na kuna siku natamani mtu amnyang'anye ile kanda akaitoe kama ilivyo.

Narudi kwenye CD.

Wikiendi iliyopita nilikwenda Tanga nayo, na mkwaruzo wake. Nilitaka angalau mjomba alione kasha. Nikamwamkia, akaishika kwa mikono miwili, akausoma ule mkanda wa karatasi asioujua hata herufi moja, kisha akainuka akaiweka kwenye redio yake ya zamani, ile kubwa yenye spika mbili za mbao. Nikamwambia, mjomba, itakwama kwenye piano. Hakunijibu. Dakika ya 15 piano ikaanza. Niliyakodolea macho yale maandishi ya kijani: 17:40, 17:41, 17:42. 17:43.

Ilipita. Redio ile ilimeza mkwaruzo wote, piano ya pili ikaingia na fujo zake, mimi nimeshika mdomo. Nilipomtazama mjomba, mguu wake wa kulia ulikuwa umenyanyuka kidogo kutoka sakafuni.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilipanda basi la kurudi Dar nikiwaza tatu. Bidhaa imefanya kazi niliyoinunulia, siwezi kudanganya. Kisha nikiwa Chalinze yule wakala akaandika, bila shaka ameona nimewaeleza watu wawili watatu: "Rudisha CD nikurudishie hela yako, yaishe." Yaishe! Haiwezi kuisha. CD sirudishi, iko Tanga na haitoki Tanga. Na mkwaruzo upo, kwenye redio yangu inakwama hadi kesho, kwa hiyo "hali nzuri kabisa" ulikuwa uongo, na kama mjomba angekuwa na redio kama yangu leo ningekuwa naandika maneno mengine.

Nimerudi kwenye nyota moja. Hela abaki nayo. Ninachodai ni ujumbe mwingine wa sauti, bila kucheka, aseme ile tik haimo kwenye wimbo.