Darasa la Mazingaombwe la Upanga: Mkono Unafundishwa Vizuri, Siri Inauzwa Ghali

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikihudhuria darasa la mazingaombwe linalofanyika Upanga, jijini Dar es Salaam, kila Jumamosi alasiri, katika chumba chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi la kijivu ili karata zisiteleze. Jina la darasa sitalitaja, kwa kuwa mwalimu hapendi kutangazwa na wanafunzi wake hufika kwa kuelekezana. Ada ni shilingi 20,000 kwa kipindi cha saa mbili, nasi tulianza tukiwa saba, wengi wetu watu wazima wenye kazi zao ambao tulikuwa hatujawahi kushika karata isipokuwa kwa kucheza albastini.

Kinachostahili sifa ni namna mkono unavyofundishwa. Majuma manne ya mwanzo hatukupewa kitu kingine zaidi ya kuihamisha sarafu ya shilingi 500 kutoka mkono mmoja hadi mwingine, ilhali kwa kweli haijahama. Siri yake niliielewa ndani ya dakika mbili. Kilichonichukua mwezi mzima ni kidole gumba, ambacho kilikakamaa kila nilipofika pale pa kudanganya, pamoja na macho, ambayo yaliusindikiza mkono wenye sarafu badala ya ule mtupu. Mwalimu huketi mbele ya mwanafunzi, magoti yakikaribia kugusana, hunyamaza mpaka kosa lijirudie mara tatu, kisha husema kwa upole: "Kijana, macho yako yanakusema. Kama wewe mwenyewe huamini kwamba sarafu imekwenda kulia, mimi nitaaminije?" Sarafu ikianguka hakuna anayecheka, darasa zima husubiri iokotwe, na kazi inaendelea. Kwa mtu anayeanza akiwa na umri wa miaka 41, subira ya namna hiyo ina thamani kubwa, nami sijutii hata shilingi moja niliyolipia mwezi ule.

Dosari ilijitokeza mwezi wa pili. Kuanzia hapo kila mchezo mpya ulikuwa na bei yake nje ya ada, kati ya shilingi 30,000 na 80,000, na anayelipa hupelekwa chumba cha pembeni, huapishwa kwamba hatamwambia hata mwanafunzi mwenzake, huelezwa kwa robo saa bila ruhusa ya kuandika, basi. Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, alinunua ule mchezo ambao karata iliyochaguliwa huchomekwa katikati ya pakiti, nayo ikarudi juu kila mara. Mchezo huo unataka mkono uliozoea karata kwa miezi mingi, wakati yeye hata kuchanga kulikuwa bado kunamshinda. Aliporudi Jumamosi iliyofuata kuomba asahihishwe, alijibiwa kwamba siri ameshapewa na yaliyobaki ni juu yake. Tangu siku hiyo sijamwona tena darasani, na jambo hili linaniuma, kwa sababu alikuwa na vidole vyepesi kuliko vya sisi sote.

Nilipouliza kuhusu vitabu, nilielezwa kwamba vitabu huiua sanaa hii. Sikubaliani kabisa na kauli hiyo. Mwaka 1876 mwandishi Mwingereza aliyejiita Professor Hoffmann alichapisha kitabu kilichowafunza wanaoanza hatua kwa hatua, na sanaa haikufa. The Magic Circle, chama cha wanamazingaombwe kilichoanzishwa London mwaka 1905, kinaweza kumfukuza mwanachama anayeanika siri hadharani, lakini kina maktaba kwa ajili ya wanachama wake na klabu ya vijana wanaojifunza. Anayefichwa ni mtazamaji, ili asinyang'anywe furaha ya kushangaa. Mwanafunzi aliyekwisha kuonyesha kwamba yuko tayari kutokwa jasho hana sababu ya kufichwa, na kumtoza zaidi kwa kila mlango ni kufanya siri kuwa bidhaa.

Hapa kwetu usiri wa kupita kiasi una madhara mengine pia. Anayesikia kwamba unajifunza mazingaombwe hukumbuka kwanza matapeli wa karata tatu mitaani, au wale wanaodai kuzidisha fedha, na wengine huwaza uchawi moja kwa moja. Mwanafunzi mwenzangu mmoja amekatazwa na mama mkwe wake kufanyia mazoezi nyumbani, na kwa kuwa ameapishwa, hana hata la kumweleza mzee wa watu. Mwaka 1584 Reginald Scot alichapisha Uingereza kitabu kilichofafanua ujanja wa wacheza kiinimacho wa zama zake, na nia yake ilikuwa kuonyesha kwamba watu waliokuwa wakiteswa kwa tuhuma za uchawi walikuwa wakionewa. Mwalimu wetu angeweza kuwaambia wazazi na wenza wetu jambo dogo tu, kwamba hii ni kazi ya vidole na mazoezi, bila kufichua mchezo hata mmoja.

Kwa anayeanza, napendekeza alipie miezi miwili ya mwanzo bila wasiwasi, asinunue siri yoyote kabla ya kuuliza mchezo huo unahitaji mkono gani na kama atasahihishwa baadaye, na aje na karata zake, kwani zinazouzwa pale ni ghali na hukunjika pembe mapema. Chumba kina feni moja, hivyo ni vyema kufika kabla ya saa tisa ili kupata nafasi chini yake. Mimi nimelipia mwezi wa nne kwa vipindi peke yake, na nimemwomba mwalimu anirudishe kwenye sarafu.