Tahadhari: kuna "poliimidi" inauzwa mtandaoni ambayo ni poliesta ya rangi

Wakuu, hasa mnaotengeneza bodi za elektroniki, printa za 3D na hita ndogondogo: kuna muuzaji mtandaoni anauza tepu ya rangi ya kaharabu na kuitangaza kuwa ni poliimidi inayohimili nyuzijoto 400. Si poliimidi. Ni poliesta iliyotiwa rangi. Nimeinunua, nimeipima na nimemwandikia. Akanijibu kwamba rangi ni ileile, kisha akanifungia nisiweze kumtumia ujumbe tena.

Nilifunika soketi ya plastiki kwa tepu hiyo ili nipulize hewa ya moto kwenye chipu iliyo jirani nayo. Poliimidi halisi ingetulia pale mpaka kazi iishe. Hii ilianza kujikunja pembeni, ikasinyaa kuelekea katikati na kuacha ukingo wa soketi wazi. Plastiki ikalegea, pini zikalala, na gundi ikabaki imeganda kwenye bodi. Bodi moja ikiharibika nitaimeza hasara. Ninayemwogopea ni mwenzetu atakayeizungushia kwenye hita ya umeme wa ukutani akiamini ametenganisha waya na chuma.

Poliimidi, ambayo kampuni ya DuPont iliipa jina la biashara la Kapton, haiyeyuki. Filamu yake, yaani utando mwembamba unaotengenezewa tepu, hufanya kazi kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na kwa muda mfupi hustahimili joto la karibu nyuzi 400. Ngao ya jua ya darubini ya anga ya James Webb, iliyorushwa mwaka 2021, ina tabaka tano za filamu hiyo. Poliesta huyeyuka kati ya nyuzi 250 na 260, na huanza kusinyaa kabla ya hapo. Sasa fikiria lehemu isiyo na risasi, ambayo bodi hupashwa hadi karibu nyuzi 245: tepu hii inakutupa palepale unapoitegemea. Mita nayo haitakwambia lolote, maana zikiwa baridi zote mbili huzuia umeme vizuri.

Kinachosema ukweli ni pasi ya kulehemu. Kata kipande, kishike kwa kibano, weka ncha ya nyuzi 350 juu yake. Poliesta hutoboka hapohapo, na kingo za tundu hujikusanya kuwa kijiukingo kinene kinachong'aa. Kwenye poliimidi, gundi inaweza kufuka moshi kidogo, lakini filamu haitoboki. Ukiiweka kwenye mwali, poliesta hushika moto na kudondosha matone. Poliimidi hugeuka mkaa na kuzimika ukiondoa mwali. Fanya hivyo penye hewa ya kutosha, na usiweke mkono chini, yale matone yanaunguza vibaya.

Tusiwaonee wauzaji wengine, lakini. Tepu isiyo na jina la Kapton si lazima iwe bandia. Apical na Upilex nazo ni poliimidi halali. Pia, hata tepu halisi ina mpaka wake, kwa sababu gundi ya silikoni kwa kawaida huishia karibu nyuzi 260, na ya akriliki chini ya hapo. Anayekuandikia 400 kwenye tepu yenye gundi anakutajia filamu peke yake.

Muuzaji huyuhuyu sasa ameanza kuuza fimbo za kuchonga bushi na kuziita Vespel, yaani poliimidi ngumu ya kuchongea vipuri. Tazameni picha zake: fimbo nene, ya rangi ya asali, unaona mwanga upande wa pili. Vespel isiyochanganywa ni ya kahawia na haipitishi mwanga, na yenye grafiti ni nyeusi. Fimbo nene ya kaharabu inayopitisha mwanga kwa kawaida ni PEI, plastiki nyingine ambayo hulegea ikifika karibu nyuzi 217. Ukiwa na mizani, pima: Vespel ya kahawia ina gramu 1.43 kwa kila sentimita ya ujazo, PEEK, ambayo nayo ni plastiki ya aina nyingine, karibu 1.3, PEI 1.27. Kwa fimbo nyeusi mizani haitoshi, kwa kuwa PEEK iliyotiwa kaboni hukaribia 1.4. Hapo gusisha kipande chembamba ulichochonga kwenye fimbo na ncha ya pasi ya nyuzi 400. PEEK huyeyuka kwenye 343 na kuvutika, poliimidi haivutiki.

Kibaya zaidi, anazipendekeza kwa valvu za mvuke na mitambo ya magadi makali. Mtu anayeijua poliimidi hawezi kuandika hivyo. Mvuke na alkali kali huivunjavunja poliimidi yenyewe, na kazi hizo huachiwa PEEK.

Duka lake hubadilisha jina, lakini picha ni zilezile. Hatoi karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, na unene anaoutaja ni wa tepu nzima, hasemi filamu ni kiasi gani na gundi ni kiasi gani. Mkimuuliza swali hilo moja, hukaa kimya.

Mwenye mzigo wake arekodi video ya kipimo cha pasi, roli na lebo vikionekana bila kukatiza, na aipeleke kwa wasimamizi wa soko hilo kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha. Mimi nilirudishiwa hela kwa video hiyo. Na kama tepu tayari iko kwenye hita, chomoa umeme, acha ipoe, uibandue yote kabla hujaiwasha tena.