Darasa la jioni la Kiingereza Kariakoo: uzoefu wangu

Nafanya kazi kwa wakala wa forodha pale Posta, kwa hiyo Kiingereza cha makaratasi nakutana nacho kutwa. Ndiyo maana nilijiunga na darasa la jioni Kariakoo, elfu sitini kwa mwezi, na kipindi kilichonifanya niandike haya ni cha maneno yanayoanza na "over".

Wengi tumekariri kwamba "over" ni kupita kiasi, basi. Mwalimu alianza na yanayokubali maana hiyo: "overload", kuzidisha uzito, kama semitrela inayokamatwa mizani ya Vigwaza kwa kuvuka uzito unaoruhusiwa. Halafu "overtime", saa za ziada, ambazo sheria ya ajira ya 2004 inataka zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida.

Kisha akaandika "oversee" na "overlook", akauliza kama ni kuona na kutazama kupita kiasi. Darasa kimya. "Oversee" ni kusimamia: mtu yuko juu ya kazi, anaiangalia. "Overlook" jicho limepita juu ya kitu bila kukiona, au umekifumbia macho makusudi. "Oversight" sasa limebeba yote mawili! Likitajwa kwa Bunge, ni kuisimamia serikali, kazi iliyomo ibara ya 63 ya Katiba. Likija kwenye barua ya mteja kuhusu ankara yenye kasoro, kuna mtu kapitiwa. Usipotofautisha, mteja anaomba radhi wewe unamtafutia msimamizi.

Nilichokipenda zaidi, hatugawiwi tafsiri za kukariri. "Oversleep" lilitutoa jasho mpaka dada mmoja muuguzi akasema, "Si kupitiwa na usingizi?" Mwalimu akapiga meza kwa furaha.

Lawama yangu ni "hyper". Limetoka Kigiriki na maana yake ni ileile ya juu au kuzidi, ila jirani yake "hypo" ni chini. Sukari ikipanda ni "hyperglycaemia", ikishuka ni "hypoglycaemia". Masikioni yanakaribiana mno, na tiba zake zinapingana. Wauguzi wa darasani kwetu walistahili kipindi kizima, wakapewa dakika za mwisho watu wakiwahi daladala. Nimemwambia mwalimu, na ninamwomba tena hapa.

Ukienda, fika mapema ukae mbele. Viti vya dirishani honi za barabarani zinameza nusu ya somo.