Praima ya Gari la Zamani kwa Hewa ya Malindi: Ipi Inunuliwe Kwanza

Anayefufua bodi ya gari la zamani nyumbani kwake Malindi, liwe Peugeot 504 au Land Rover ya miaka ya 1960, aghalabu huweka fedha nyingi katika rangi ya juu, ile inayoonekana, akabania praima, yaani rangi ya kwanza inayopakwa moja kwa moja juu ya bati. Ningeshauri kinyume chake, kwa kuwa chumvi inayobebwa na upepo wa baharini hupenya katika kila mkwaruzo na kila kiungo cha bati, na kinachoizuia hapo ni kile kilichoshikamana na bati lenyewe.

Nafasi ya kwanza naipa praima ya epoksi ya makopo mawili, na kwa bodi ya chuma sioni nyingine inayoikaribia. Ikichanganywa na hadena yake, ile dawa ya kuigandisha, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, huwa utando mgumu usiopitisha maji kwa urahisi, tena fila, ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bati, inaweza kupakwa juu yake. Hilo lina uzito mkubwa kwa asiye fundi, maana fila hunyonya unyevu, na ikikaa juu ya bati tupu, kutu huanzia chini yake pasipo kuonekana mpaka rangi ivimbe. Bei yake ni kubwa na ikishachanganywa haiwekeki, basi changanya ya kutosha mlango mmoja tu kwa wakati.

Ya pili ni praima ya asidi, ambayo huuma kidogo uso laini wa metali ili rangi ishike. Mwenye Land Rover ya zamani ataihitaji zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya bodi yake ni alumini, na palipogusana alumini na chuma, chumvi ikiingia, alumini ndiyo huliwa kwanza. Usipake fila juu yake, na usiifunike kwa epoksi kabla ya kusoma maelekezo, kwani watengenezaji wengi hawaruhusu.

Praima ya redi oksaidi ya kopo moja, ile ya rangi nyekundu ya kutu, hupatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi na bei yake ni nafuu, lakini hupitisha unyevu. Inafaa geti linalopakwa upya kila mara. Kwa gari naiweka mwisho.

Dawa ya kugeuza kutu sikuipanga, kwa sababu si praima. Inasaidia kwenye vishimo ambavyo msasa haufiki, baada ya kutu iliyolegea kukwanguliwa, na mabaki yake ya asidi yaondolewe kama lebo inavyoagiza. Praima za makopo mawili zenye isosayaneti, kemikali iliyomo katika baadhi ya hadena, nazo ziachie karakana yenye barakoa za kuletewa hewa safi, kwa kuwa zinadhuru mapafu vibaya na barakoa ya kitambaa haizuii chochote.

Kabla ya kupaka, osha bati kwa maji yasiyo na chumvi, likauke kabisa, ulipige msasa, kisha upake siku hiyo hiyo. Epuka alfajiri na jioni umande unaposhuka: bati linatakiwa liwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutanda.

Dukani, nunua praima na hadena za mtengenezaji mmoja kwa pamoja, usome tarehe za makopo yote mawili, na ukatae kopo lililovimba au lililofunguliwa.